Prades, chini ya Mlima Canigou: mwongozo kamili wa kwenda na kukaa

Wengi wanaopata viza ya Ufaransa hawatoki Paris. Mnara wa Eiffel, boti ya mto Seine, manukato ya kupelekea watu nyumbani, kisha uwanja wa ndege. Si vibaya, lakini ukitaka kuona Wafaransa wakiishi maisha yao bila kukuwekea foleni, shuka kusini hadi Prades. Ni mji wa watu wapatao elfu sita katika bonde la mto Têt, kwenye milima ya Pyrenees, karibu na mpaka wa Hispania. Juu yake umesimama Canigou, mlima wa mita 2,784 ambao Wakatalani, watu wenye lugha na utamaduni wao pande zote mbili za mpaka, wanauhesabu kuwa wao.

Jambo moja ulijue mapema: mji huu una saa zake, na haukusubiri. Kuna siku ya soko, kuna saa za maduka kufungwa, kuna treni chache zinazoamua siku yako yote, na kuna mawingu yanayopanda mlimani baada ya adhuhuri. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu uende lini kuliko uende wapi.

Hatua ya 1: Chagua majira

Kama una uhuru wa kuchagua, nenda mwezi Juni au Septemba. Mchana kuna joto la kuvaa shati jepesi, jioni unatupia sweta, na vyumba bado vinapatikana.

Julai na Agosti ni miezi ya likizo. Joto hupita nyuzi 30 bondeni, bei za vyumba hupanda, na mji huchangamka kwa kiasi chake. Kwa wapenzi wa muziki huo ndio wakati wenyewe, maana tamasha la muziki la Pablo Casals (habari zake ziko Hatua ya 6) hufanyika kati ya mwisho wa Julai na Agosti. Agosti hiyohiyo wanafunzi na wasomi wa Kikatalani hukusanyika Prades kwa chuo chao cha kiangazi, na mikahawa hujaa mijadala hadi usiku.

Mwishoni mwa Juni kuna jambo ambalo ningelipangia safari nzima. Usiku wa tarehe 22 moto huwashwa kileleni mwa Canigou, na mienge hubebwa kushuka hadi vijijini. Jioni ya tarehe 23, mkesha wa Mtakatifu Yohane, mioto mikubwa huwashwa kila mahali, watu wanacheza dansi ya duara, wazee kwa watoto. Hakuna tiketi. Unafika, unasimama, na muda si mrefu mtu atakushika mkono akuvute ndani ya duara.

Majira ya baridi niyaseme kwa kifupi: mji ni mzuri na mkimya, ila hoteli kadhaa hufungwa, na juu mlimani ni theluji tupu. Theluji yenyewe inaweza kubaki kwenye njia za juu hadi Juni, kwa hiyo anayetaka kileleni asije Aprili.

Hatua ya 2: Viza na karatasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ndugu zetu wanaoishi Brussels, Berlin au kwingineko ndani ya Schengen wakiwa na kibali halali cha ukaazi hawahitaji viza nyingine. Wabebe kibali pamoja na pasipoti.

Maombi huanzia kwenye tovuti rasmi ya France-Visas, kisha unapeleka karatasi na alama za vidole kwenye kituo kinachopokea maombi kwa niaba ya ubalozi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Usisubiri hizo siku 15. Nafasi za miadi huisha, hasa kuanzia Aprili, na uchunguzi wa maombi unaweza kufika siku 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ukinyimwa.

Karatasi za msingi: pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen, bima ya safari ya angalau yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri au karatasi za biashara, na uthibitisho wa mahali pa kulala kwa kila usiku. Ukifikia kwa ndugu au rafiki, yeye ndiye anayekwenda kwenye ofisi ya meya wa mji wake kuomba cheti cha mwenyeji, kiitwacho attestation d'accueil. Mwambie mapema, maana ofisi ndogo hazina haraka.

Hapa kuna neno kwa anayekwenda Prades. Afisa wa viza amezoea kuona Paris, Nice na Disneyland. Ukiandika usiku tano katika mji wa watu elfu sita, mweleze kwa nini. Barua fupi ya nusu ukurasa inatosha: ninakwenda kwa tamasha, au kupanda Canigou, au kusafiri kwa Treni ya Njano ya milimani (Hatua ya 7), hii hapa hoteli, hii hapa njia ya treni. Safari yenye sababu husomeka kuliko safari yenye majina makubwa tu.

Mpakani, kuanzia Oktoba 2025, nchi za Schengen zilianza kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya mhuri. Mara ya kwanza huchukua muda, nawe uupangie.

Hatua ya 3: Kufika

Kuna milango miwili, Paris na Barcelona.

Kwa Paris, ndege za moja kwa moja zipo kutoka Nairobi hadi Charles de Gaulle. Ukitua, panda treni ya RER B hadi Châtelet-Les Halles, badili uingie RER A au D, kituo kimoja tu umefika Gare de Lyon. Hapo ndipo TGV, treni ya kasi, ya Perpignan inapoanzia, safari ya saa tano na kidogo. Kati ya kutua na kuondoka kwa TGV acha angalau saa tatu, nne zikiwa bora zaidi. Tiketi ya bei nafuu haikusubiri ukiwa umekwama kwenye foleni ya uhamiaji. Zipo pia TGV zinazoondokea palepale uwanja wa ndege kuelekea Montpellier, ambako unabadili treni. Ukipata inayolingana na saa yako, ichukue, hutalazimika kukokota sanduku chini ya jiji.

Kaa upande wa kushoto. Baada ya Montpellier reli hukaribia bahari, na kati ya Narbonne na Perpignan inapita ukingoni mwa maziwa ya maji ya chumvi. Mara nyingi heroe huwa wamesimama humo, waridi kwa makundi, mita chache kutoka dirishani.

Kwa Barcelona, treni ya kasi kutoka stesheni ya Sants hadi Perpignan ni kama saa moja na dakika 20. Ni njia fupi kuliko zote. Viza bado utaiomba Ufaransa, kwa sababu kanuni hutazama nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, wala si unapotua.

Kutoka Perpignan panda treni ya mkoa, TER, iendayo Villefranche. Ushuke stesheni ya Prades-Molitg-les-Bains baada ya takriban robo tatu ya saa. Bei ya TER haipandi kadiri siku inavyokaribia, tofauti na TGV, kwa hiyo hakuna haja ya kuinunua mapema. Endelea kukaa kushoto: Canigou utaanza kuuona juu ya mashamba ya mapichi na aprikoti, na hautaondoka machoni tena hadi uondoke.

Ratiba za Ufaransa huandikwa kwa saa 24. Ukiona 14h05 ni saa nane na dakika tano mchana. Angalia pia ratiba usiku wa kuamkia safari, kwa maana migomo na matengenezo ya reli ni sehemu ya maisha ya huko, na wakati mwingine treni hubadilishwa kuwa basi linaloegeshwa nje ya stesheni ileile.

Hatua ya 4: Pa kulala

Lala katikati ya mji, karibu na Place de la République. Hoteli ni chache na ndogo, lakini kuna vyumba vya wageni katika nyumba za watu, viitwavyo chambres d'hôtes, ambavyo kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Hivyo ndivyo ningevipa kipaumbele. Mwenye nyumba anajua mlango gani umefungwa wiki hiyo, njia gani imeharibiwa na mvua, na ataipigia simu mikahawa kwa niaba yako. Kadiria yuro 60 hadi 100 kwa chumba cha watu wawili, zaidi kidogo Agosti. Kodi ndogo ya mgeni huongezwa kwa kila usiku, nayo ni halali, usigombane.

Mwandikie mwenyeji saa utakayofika. Nyumba nyingi hazina mapokezi ya usiku. Ukitokea saa tano usiku bila taarifa, utagonga sana.

Lala usiku nne au tano. Kwa siku moja utaona kanisa na soko, uondoke ukidhani umemaliza, na mlima wote ukiwa umebaki.

Hatua ya 5: Saa za mji na salamu

Maduka mengi hufungwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa nane au nane na nusu. Jumapili baada ya adhuhuri mji hulala, na Jumatatu maduka na mikahawa mingi haifunguliwi kabisa. Ukifika Jumapili jioni bila mkate na maji, utakula biskuti za ndege. Chakula cha mchana ni saa sita hadi saa nane, cha jioni ni kuanzia saa moja. Ukiingia mkahawani saa tisa na nusu ukaomba sahani, utapewa kahawa.

Ukiingia dukani, sema "Bonjour, Madame" au "Bonjour, Monsieur" kabla ya neno lolote, na ukitoka sema "Merci, au revoir". Hata kwenye chumba cha kungojea daktari, anayeingia husalimia wote waliokaa. Waswahili hatuna shida na hili, tumelelewa hivyo. Wanaoudhi watu huko ni wanaoanza na "bei gani?" huku wakigusa matunda. Kongwe wa kijiji ukikutana naye njiani msalimie pia, hata kama humjui.

Ndugu wa Goma, Bukavu, Bujumbura na Kigali wenye Kifaransa chao watajisikia nyumbani haraka, ingawa lafudhi ya kusini itawachekesha mwanzoni: silabi za mwisho zinatamkwa zote. Jean Castex, aliyekuwa meya wa Prades hadi alipoitwa kuwa waziri mkuu mwaka 2020, aliipeleka lafudhi hiyo Paris na taifa zima likaizungumzia. Asiyejua Kifaransa ajifunze salamu, namba na "s'il vous plaît", kisha atumie simu kwa mengine. Vibao vya barabara utaviona kwa lugha mbili, Kifaransa na Kikatalani.

Hatua ya 6: Mji wenyewe, ukianzia Jumanne

Pangilia asubuhi ya Jumanne iwe ndani ya mji, maana ndiyo siku ya soko. Meza hujaa uwanja mbele ya kanisa na kumwagikia mitaani: jibini za mbuzi, asali ya milimani, soseji, nyanya, zeituni, na wakati wa kiangazi mapichi yaliyochumwa jana yake. Nunua mapichi mawili tu, ule palepale umeinama mbele ili maji yasikudondokee shati. Nenda kabla ya saa nne. Saa saba mchana wafagiaji wanapita.

Unapotembea tazama chini. Kingo za barabara na vizingiti vya milango ni marumaru ya waridi, ikichimbwa karibu na Villefranche. Miji mingine huiweka makanisani, hapa Prades watu wanaikanyaga wakienda kununua mkate. Ikilowa mvua hung'aa, na huteleza.

Kanisa la Saint-Pierre kwa nje ni la kawaida, mnara wa mawe wa zamani na ukuta mkavu. Ingia ndani. Gizani huoni kitu, kisha macho yakizoea, au mtu akibonyeza taa, ukuta wote wa mbele unageuka dhahabu. Ni mapambo ya madhabahu yaliyochongwa na Josep Sunyer mwishoni mwa karne ya 17, miongoni mwa makubwa kabisa Ufaransa: watakatifu, malaika, nguzo zilizosokotwa, hadi darini. Kaa kwenye benchi dakika 15, utazame ngazi moja hadi nyingine.

Ndani ya kanisa hilohilo ulifanyika mwaka 1950 muziki uliofanya dunia ilijue jina la Prades. Pablo Casals, Mkatalani aliyekuwa mpigaji selo (fidla kubwa) mkubwa wa zama zake, alikimbia Hispania ya dikteta Franco akajificha mji huu. Baada ya vita akagoma kupiga hadharani katika nchi zilizoutambua utawala wa Franco. Basi wanamuziki wakasema, kama yeye hatoki, tutamfuata. Ikawa miaka 200 tangu kufa kwa mtunzi wa muziki Bach, wakaja Prades kutoka Marekani na Ulaya, na tamasha halijaisha hadi leo. Tiketi za sasa huuzwa mtandaoni miezi kadhaa kabla, na chagua zile za jioni zinazopigwa ndani ya abasia, yaani monasteri, ya Saint-Michel de Cuxa.

Abasia hiyo iko kilomita tatu tu kutoka mjini, matembezi ya dakika 40 kati ya mashamba ya matunda. Kanisa lake liliwekwa wakfu mwaka 974. Uani utaona nguzo za marumaru ya waridi zenye simba na nyani waliochongwa vichwani, na utagundua kwamba ua wenyewe haujakamilika. Nguzo nyingi ziliuzwa na kutawanyika, na mwanzoni mwa karne ya 20 mchongaji wa Kimarekani George Grey Barnard akazinunua nyingi. Leo ziko New York, katika jumba la makumbusho la The Cloisters. Wamonaki bado wanaishi hapo, kwa hiyo mabega na magoti yafunikwe, na asubuhi ya Jumapili si wakati wa kupiga picha.

Hatua ya 7: Villefranche na Treni ya Njano

Siku hii ianze mapema. Kilomita sita kutoka Prades, mwisho wa reli ya TER, ndipo ilipo Villefranche-de-Conflent, mji mdogo uliofungwa ndani ya kuta zake, barabara mbili sambamba na vichochoro. Vauban, mhandisi wa ngome wa mfalme Louis XIV, aliziimarisha kuta hizo katika karne ya 17, na mwaka 2008 ziliingia orodha ya UNESCO pamoja na ngome zake nyingine. Juu mlimani alijenga Fort Libéria, iliyounganishwa na mji kwa ngazi 734 ndani ya handaki. Ushauri wangu: panda kwa gari la ngome, ushuke kwa ngazi. Anayefanya kinyume chake hufika juu akiwa hana pumzi ya kutazama kitu.

Ila kwanza treni. Treni ya Njano, Train Jaune, huanzia stesheni ileile ya Villefranche-Vernet-les-Bains na kwenda kilomita 63 hadi Latour-de-Carol. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1910, na reli ikakamilika 1927. Ilijengwa ili watu wa nyanda za juu wasitengwe na dunia kila theluji inapoanguka, na tangu mwanzo iliendeshwa kwa umeme wa maji ya milima hiyohiyo. Inapanda kutoka mita zaidi ya 400 hadi Bolquère-Eyne, karibu mita 1,593, stesheni ya juu kuliko zote za shirika la reli la Ufaransa.

Sasa mambo ya kufanya. Moja, panga tiketi mapema kama ni Julai au Agosti, na ufike stesheni nusu saa kabla, kwa sababu behewa lisilo na paa ndilo hujaa kwanza. Mbili, chukua koti hata kama bondeni kuna jua kali. Kwenye behewa hilo upepo unauma. Tatu, kumbuka kwamba vituo vingi ni vya ombi. Ukitaka kushuka mwambie mfanyakazi wa treni unapopanda, na ukiwa unasubiri kwenye kituo kidogo simama mahali dereva atakapokuona, unyooshe mkono kama unavyosimamisha daladala. Ukikaa kivulini ukicheza na simu, itapita.

Utapita madaraja mawili ya kutajwa. La Séjourné ni la mawe, lenye matao juu ya matao. La Gisclard limening'inia kwa nyaya za chuma, kama mita 80 juu ya mto. Aliyelibuni, Albert Gisclard, alikufa mwaka 1909 katika ajali ya treni ya majaribio kabla reli haijafunguliwa. Treni hupunguza mwendo pale, na behewani watu hunyamaza.

Usijaribu kwenda mwisho na kurudi siku moja. Ni takriban saa tatu kila upande, na makalio yako yatajua. Shuka Mont-Louis, ngome nyingine ya Vauban, ule chakula cha mchana, urudi na treni ya alasiri. Anayependa sayansi aendelee mbele kidogo hadi Odeillo, kwenye tanuri kubwa la jua lenye kioo kilichopinda cha kimo cha jengo la ghorofa. Anayependa maji ya moto ashuke Fontpédrouse, kisha atembee kilomita chache hadi mabwawa ya wazi ya Saint-Thomas, ambayo maji yake hutoka ardhini yakiwa moto. Abebe nguo ya kuogelea na taulo. Kabla ya kuondoka stesheni yoyote, piga picha ya ratiba ya kurudi.

Hatua ya 8: Mlimani

Kwa anayetaka mlima bila kileleni, abasia ya Saint-Martin-du-Canigou inatosha na kuzidi. Panda basi la mkoa, liO, kupitia Vernet-les-Bains hadi kijiji cha Casteil. Mabasi ni machache, kwa hiyo chagua la asubuhi na ujue la kurudi. Kutoka Casteil hakuna gari la mgeni linaloruhusiwa kupanda. Ni kutembea, dakika 45 hadi saa nzima, barabara ya saruji yenye mwinuko usiocheka na mtu. Kisha miti inafunguka, na jengo lote la karne ya 11 limekaa juu ya mwamba, bonde likiwa chini yake. Tetemeko la ardhi la mwaka 1428 lililibomoa sehemu, likaachwa magofu baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, likafufuliwa kuanzia 1902. Ndani huingiwa kwa makundi na kiongozi kwa saa maalumu, kwa hiyo uliza saa hizo ofisi ya utalii ya Prades kabla hujapanda. Picha nzuri haipigwi abasiani: fuata kijia kinachopanda nyuma yake dakika kumi hivi.

Kilele chenyewe ni siku nyingine. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atasema mita 2,784 ni pale Mandara, siku ya kwanza. Ni kweli, na hewa haitakusumbua. Kinachosumbua ni mawe, urefu wa njia, na radi. Njia ya kawaida ni kulala kwenye kibanda cha Cortalets, mita 2,150, kisha kuondoka alfajiri. Kupanda ni kama saa mbili. Kibanda huwekewa nafasi mapema, na kina chakula cha jioni. Wakati wa kiangazi madereva wenye kibali hupandisha watu sehemu ya njia kwa magari ya kuvuta magurudumu yote. Ofisi ya utalii itakuambia wanaruhusiwa kufika wapi mwaka huo. Upande wa pili, kutoka kibanda cha Mariailles, njia humalizikia kwenye ufa mwinuko wa mwamba unaopandwa kwa mikono na miguu. Mwenye kizunguzungu cha urefu apite Cortalets.

Uwe umeanza kushuka kabla ya saa sita mchana. Mawingu ya kiangazi hujikusanya alasiri, na radi juu ya mgongo wa mlima si mchezo. Beba lita mbili za maji, kofia, koti la mvua, viatu vyenye meno, na betri ya simu iliyojaa. Namba ya dharura ni 112. Mkoa huu umepitia ukame mkali tangu 2022, na siku za upepo mkavu mamlaka hufunga misitu kwa hofu ya moto. Ukikuta kibao kimefunga njia, geuka. Sigara na jiko la kambi visikaribie kichaka.

Hatua ya 9: Kula

Mchana ndio wakati wa kula vizuri kwa bei nafuu. Tafuta ubao uliochorwa chaki wenye maneno "menu du jour": chakula cha hatua mbili au tatu kwa kama yuro 15 hadi 22. Maji ya bomba ni salama na ni bure, omba "une carafe d'eau". Asipoomba, mtu huletewa chupa na kulipia.

Chakula ni cha Kikatalani. Escalivade, pilipili hoho na bilinganya zilizochomwa kisha kumwagiwa mafuta ya zeituni, ni ya kila mtu. Boles de picolat ni mipira ya nyama kwenye mchuzi mzito wa zeituni na mdalasini kidogo, tamu sana, lakini kwa kawaida ina nguruwe. Waislamu waulize kabla, "Est-ce qu'il y a du porc?", na wajue kwamba nguruwe hujificha pia kwenye soseji, supu za maharage na mafuta ya kupikia. Samaki, mayai, jibini na mboga havikosekani. Anayetaka nyama halali kwa uhakika anunue akiwa Perpignan, mitaa ya karibu na Place Cassanyes, ambako wachuuzi wengi wana asili ya Afrika Kaskazini. Konokono waliochomwa ni sherehe ya huko. Wajaribu wenye moyo.

Hatua ya 10: Kuondoka

Usirudi kwa njia uliyojia. Siku ya mwisho panda Treni ya Njano na mizigo yako hadi Latour-de-Carol, mwisho wa reli, ambako treni ya usiku huondoka jioni kwenda Paris kupitia Toulouse na kufika stesheni ya Austerlitz asubuhi. Una kitanda, unaokoa gharama ya hoteli, na umeona bonde lote tangu chini hadi juu. Kitanda hicho kiwekee nafasi mapema, na hakikisha treni inatembea tarehe yako, kwani matengenezo ya reli huikatiza baadhi ya majuma. Begi liwe dogo, Treni ya Njano haina nafasi ya masanduku matatu. Ndege yako iwe ya jioni au ya kesho yake: treni ya usiku ikichelewa saa mbili, wa kumlilia hayupo.

Nunua mkate na jibini Prades kabla ya kupanda. Latour-de-Carol ni stesheni kubwa katika kijiji kidogo, na jioni usitegemee kukuta duka wazi.